Baiskeli ya Maksai Wawili

Arusha
9 Juni 2024

Kwako dada Ng'washi,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii itakukuta umeshachota maji na bado hujagombana na mtu. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku ambayo imenifundisha kulala na soksi. Kifua cha baba kinaendeleaje? Kija na Precious wanakwenda shule, au wanashinda wakifukuza ndege? Waambie mjomba wao anawakumbuka, hata kama hajawatumia chochote.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya hapo nyumbani ni ya baba, na baba akipokea anaweka sauti ya juu ili ukoo mzima usikie. Juzi nilikuuliza tu kama tumbo limepona, kesho yake shangazi Benedikta akanipigia kunielekeza mizizi ya kuchemsha. Kwa hiyo barua nitazituma kwa basi mpaka Bariadi, na wewe utazichukua pale ofisini kwao ukienda mjini. Salamu msomee baba. Yanayofuata yasome peke yako.

Kazi nimepata. Niko kwenye karakana ya baiskeli za kukodisha watalii wanaopanda vilima. Baiskeli za kaboni hapa zimening'inizwa kama nyama buchani, na mimi ndiye ninayezikagua zikirudi. Ndiyo maana sikuhitaji kuja na ile yangu.

Sasa kuhusu hiyo yangu. Iache ndani, mbali na jua. Usiioshe kwa sabuni ya unga, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mnyororo usiupake mafuta ya kula wala oili chafu ya trekta, kuna kichupa chake nimekiacha juu ya kabati. Bolti usiziguse kabisa, zinakazwa kwa spana yenye kipimo, siyo kwa nguvu za mkono. Kaboni si chuma, dada. Chuma kikichoka kinapinda, unakiona. Kaboni ni nyuzi zilizolazwa kwa gundi, inaweza kuwa nzima machoni na huku ndani imekwisha. Usiipande. Wala mtu asiipande.

Na kama itapata tatizo lolote, ujue vitu huharibika.

Nikomee hapo, kengele ya kazini imelia.
Ilumbu lyako, mdogo wako,
Mahona


Sola, Maswa
30 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Mahona,

Wabeja kwa barua. Sisi wazima. Kifua cha baba kimetulia tangu vumbi la mavuno lipungue. Watoto wanakwenda shule, na Precious amekuwa wa nne, kwa hiyo usimwite mfukuza ndege tena. Pamba tumeshachuma, ila mwaka huu tulilima kwa jembe la mkono baada ya maksai kuondoka, na mgongo wangu unalijua hilo vizuri kuliko wewe.

Baiskeli yako inalala pazuri kuliko mimi. Nimeifunika kwa kitenge changu cha harusi, maana ile harusi yenyewe imeshanirudisha nyumbani, acha kitenge kipate kazi nyingine. Kila mgeni akija baba ananiita: "Ng'washi, fungua aone." Mgeni anainyanyua kwa mkono mmoja, anacheka, anasema hii ni plastiki. Baba anakasirika. Anasema: "Kama ni plastiki, mbona imekula maksai wangu wawili?" Kisha anaeleza jinsi ulivyokuwa wa pili mbio za Bariadi kwa baiskeli yake ya chuma, na kwamba kwa hii utawaacha hata wazungu. Nakuambia anaeleza vizuri, mpaka mimi niliyekuwepo siku ile naanza kuamini uliruka.

Wanaume wa hapa hawajawahi kufanyiwa na baba zao ulivyofanyiwa wewe. Wale maksai aliwalea tangu wakiwa ndama. Siku wanapelekwa mnadani hakutoka ndani. Nakukumbusha si kwa ubaya, ila uandike kwamba unafanya mazoezi. Anauliza kila wiki.

Kichupa nimekiona. Ni kidogo kuliko dawa ya macho.

Dada yako,
Ng'washi


Sola
4 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Mwadila. Huku tuko hai. Watoto wazima. Baba mzima wa mwili.

Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nimeishia kwenye salamu. Sasa nasema. Baiskeli yako imevunjika, na aliyeivunja ni mimi.

Laiti ningeweza kukuambia kulikuwa na mgonjwa wa kuwahishwa zahanati. Hapakuwa na mgonjwa. Nilikuwa na madebe mawili ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, ya kuuza mnadani, na nilikuwa na hamu. Basi. Tangu nirudi kutoka kwa mume naenda mnadani kwa miguu, na wanawake wenzangu wananipisha njia kama mfiwa. Nikataka siku moja wanione nimekuja juu ya kitu ambacho hakuna mwanamke wa Sola aliyewahi kukipanda. Nilisoma barua yako, nilielewa, na bado nikaitoa.

Haina keria. Nikaipeleka kwa fundi Kasmiri hapo senta, akafunga keria kama anavyofunga kwenye baiskeli zote, vikuku vya chuma kwenye mabomba ya nyuma na bolti zimekazwa mpaka zinalia. Nikaenda. Mahona, sikufichi, kwenda kulikuwa kutamu. Inateleza tu. Nilipofika pale penye mti wa kupimia pamba, watu wakageuka, nikasimama kwenye pedeli ili wanione vizuri. Ikasema "ka". Bomba la chini, karibu na pedeli, likaachana. Nikaanguka na michembe yote mbele ya mnada mzima. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Nikaikokota mpaka kwa Kasmiri. Kwake kila kitu kilichovunjika huchomelewa. Akavaa miwani, akagusisha moto, ikatoa moshi wenye harufu ya nywele. Akazima mashine akaniangalia. "Ng'washi," akasema, "hiki si chuma, na mimi sijui ni nini. Chukua, usinilipe." Nikaifunika tena kwa kitenge. Siku ya tano mgeni akaja, baba akaniita nifungue.

Hakunipiga. Angenipiga ningejua imekwisha. Aliita shangazi Benedikta na majirani, akasema mbele yao kwamba jaruba la bondeni ninalolima mpunga atamkodisha Mzee Salu misimu mitatu, apate ng'ombe mmoja wa kulimia. Nami unajua, mwanamke aliyerudi kwao ana nini kingine? Mpunga wa jaruba lile ndio chakula cha watoto na ndiyo ada na sare zao. Atamkabidhi mvua zikianza. Sikubisha. Nilistahili.

Niandikie hata matusi, nitayapokea.

Kitu kimoja tu. Ile stika ya kwaya iliyobandikwa kwenye bomba la chini, uliibandika lini?

Ng'washi


Arusha
20 Oktoba 2024

Dada Ng'washi,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa, kipindi hiki wageni ni wengi na tunafanya kazi hadi Jumapili. Nimefurahi kusikia Precious anaendelea vizuri darasani. Baridi imepungua.

Barua yako nimeisoma. Nimesikitika, lakini kwa kuwa wewe ni dada yangu, nimekusamehe. Kosa lilikuwa lile la keria. Kaboni haibanwi kwa kikuku cha chuma, inapasuka nyuzi za ndani, na uzito ukija juu yake inaachia. Watu wengi wasiojua hufanya hivyo hivyo. Fundi naye si wa kulaumiwa. Mwambie baba asikae na kinyongo, mimi mwenyewe nimeshasahau.

Nimekutumia kitenge kwa basi, kiko kwenye mfuko wa bluu. Kuhusu jaruba, sidhani kama ni vizuri mimi kuingilia maamuzi ya mzee nikiwa mbali. Atatulia.

Mazoezi yanaendelea vizuri, mwambie.

Nikutakie heri,
Mahona


Sola
10 Novemba 2024

Mahona,

Tuko wazima. Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne. Kitenge kimefika, ni kizuri, nimempa Kija akatie gauni.

Barua yako nilimsomea baba, maana aliniona nikirudi nayo. Nilifika pale uliposema umenisamehe, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua kofia. Akasema: "Mnasikia? Huyo ndiye mtoto. Ameharibiwa mali yake na bado anambembeleza aliyeiharibu." Shangazi Benedikta akafuta macho. Akanitazama ili nami nilie, nikalia, kwa kuwa ilionekana ni utovu wa adabu kutolia.

Jumamosi Mzee Salu alikuja na wanawe wakapima jaruba kwa hatua. Mzee Salu ni mtu mwema. Alinisalimia akiangalia chini. Mimi nitapandikiza kwenye majaruba ya watu kwa kibarua, na Kija ataniangalizia mdogo wake.

Sasa nisikilize. Mimi sikusomea ufundi, lakini nimeona keria nyingi zikifungwa. Keria inakaa nyuma. Fremu imekatika mbele, chini kabisa, karibu na pedeli. Vikuku vya Kasmiri viko mahali pake na hapo hapajakatika. Nilikaa nikaangalia hilo kwa wiki nzima. Kisha nikaibandua ile stika taratibu kwa kucha. Chini yake kuna ufa wa zamani, mwembamba kama unywele, umejaa vumbi jeusi, na gundi ya stika imeingia ndani yake na kukaukia humo. Gundi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haujapasuka.

Nilikuuliza ile stika uliibandika lini. Hukunijibu, ukanisamehe.

Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani, na nani angeniamini mimi? Nakuuliza tena, na sitauliza mara ya tatu.

Ng'washi


Arusha
12 Januari 2025

Ilumbu lyane,

Sijui nikusalimu vipi. Najua mmekula Krismasi bila mimi na najua ulipika wewe. Nimeanza barua hii tangu Novemba. Nilikuwa naichana kila nikifika kwenye jina lako.

Stika niliibandika tarehe kumi na nane Mei, siku sita kabla ya kuondoka.

Nilikuwa nimekwenda Mwandoya kufanya mazoezi kwenye vile vilima, kisha nikachoka kurudi kwa kuendesha. Mimi niliyemwahidi baba kwamba nitashindana na wazungu nilichoka, nikaomba lifti kwenye lori la choroko lililokuwa likienda Bariadi. Baiskeli ikawekwa juu ya magunia. Mimi mwenyewe niliifunga kamba, dada, si mtu mwingine. Niliifunga kama tunavyofunga mzigo wowote: kamba inazungushwa, unapachika kijiti, unakinyonga mpaka kamba inakaza. Nilinyonga mara ya mwisho na nikasikia "ka" ndogo. Nilijua. Utingo aliniuliza nini hicho nikasema ni gunia.

Nilipoishusha niliona ufa. Nikakaa nao nyuma ya nyumba ya kulala wageni pale Bariadi, nikagonga bomba kwa sarafu kama wanavyofundisha. Sehemu nzima inalia kwa ukali, pale penye ufa ilikuwa inalia butu. Maksai walikuwa hawajamaliza hata mwaka tangu waondoke. Nilishindwa kurudi nyumbani na kusema maneno hayo kwa mdomo. Stika nilipewa na kwaya, ilikuwa kwenye begi.

Na hili ndilo baya zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichane barua. Ningeweza kuja nayo huku. Karakana yetu ina mtu anayejua kuziba kaboni. Niliiacha kwako kwa sababu nakujua. Nilijua siku moja utaipanda. Nilikuandikia usiipande, na nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba nikikukataza ndiyo utaitaka. Ikivunjika mikononi mwako haitakuwa imevunjika mikononi mwangu. Sikutaka uanguke, hilo Mungu anajua. Lakini nilitaka iwe wewe. Kisha ulipoandika kwamba ulistahili, nilipumua. Kweli nilipumua, dada, nikaenda nikala chakula kizuri. Ile barua ya kukusamehe niliianza usiku ule ule, na nilikaa nayo wiki kadhaa kabla ya kuimaliza kwa sababu hata mkono wangu uliionea haya.

Mashindano hakuna. Hapa mimi ni mtu wa kuosha matope na kuziba pancha. Sijafanya mazoezi hata siku moja. Watoto wa watalii wananipita kwenye kilima.

Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikiona mtu anakaguliwa baiskeli yake na kuambiwa ina ufa, natoka nje.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeifunga, ni ya baba. Humo nimeeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Tafadhali msomee mbele ya shangazi Benedikta na Mzee Salu, wale wale waliokuwepo siku ile. Soma taratibu. Baada ya hapo sitashangaa msiponiandikia tena.

Mahona


Sola
2 Februari 2025

Mahona, ilumbu lyane,

Tuko wazima. Kija amepata gauni lake na amelichana tayari. Mpunga wa Mzee Salu umeshika vizuri kwenye jaruba langu. Nimeupandikiza mimi mwenyewe kwa kibarua, kwa hiyo naujua.

Barua yako niliisoma nyuma ya zizi, ambako hakuna ng'ombe sasa, kwa hiyo hakuna anayekuja. Nilikasirika mpaka nikasikia joto masikioni. Hasira yenyewe si ya fremu. Ni pale uliponisamehe. Nilikuwa nimeanza kukuombea kwa ajili ya ule msamaha. Siku moja nitakuambia yote niliyokuita pale nyuma ya zizi, lakini si leo, maana watoto wanajifunza kusoma na wanasoma kila karatasi.

Kisha nilicheka kidogo pale uliposema ulijua nitaipanda. Unanijua vizuri, mbaya wewe.

Ile barua ya baba sijamsomea, na sitamsomea. Tafakari mwenyewe. Mwanamke aliyevunja baiskeli anasimama mbele ya watu, anafungua karatasi ambayo baba hawezi kuisoma, na karatasi inasema mwanamke huyo hana kosa, mwenye kosa ni yule mtoto mzuri. Baba atasema nimejitungia. Shangazi Benedikta atasema hivyo kabla yake. Na hata wakimwita mwalimu wa watoto asome, itabaki kwamba ulisema ukiwa Arusha na mimi nikatazamwa usoni nikiwa hapa. Mimi nilianguka mbele ya mnada mzima. Wewe unataka kuanguka ndani ya bahasha.

Basi nilimpa baba ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Nikamwambia: "Mahona ameandika, ila hii ni ya kusomwa na yeye mwenyewe akija." Nilidhani atakasirika. Alifurahi, Mahona. Nilisahau kwamba mtu huhisi habari anayoitamani. Ameiweka mfuko wa ndani wa koti, na amemwambia Mzee Salu kwamba mwanawe ameshinda na anataka kutangaza kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu hapo ameacha kuninunia. Jana alikula kwangu, mara ya kwanza tangu Agosti. Alisema mtu mwenye furaha hana sababu ya kumbagua mtoto wake.

Jioni anakwenda kusimama barabarani gari la kutoka Bariadi likipita. Anarudi, anaitoa barua, anaigeuza upande huu na upande ule, anairudisha.

Nimejaribu kumwambia asubiri kwanza tusikie ni habari gani. Hakunisikia. Leo asubuhi amenunua beberu mweupe kwa sehemu ya ile kodi ya jaruba aliyoiweka ya ng'ombe, amemfunga mlangoni, na amemtuma Kija kwa shangazi Benedikta kuuliza ni watu wangapi waalikwe.

Nimemwita Kija njiani akarudi, nimesema nitakwenda mimi. Nitachelewa kadiri ninavyoweza. Panda basi.

Dada yako,
Ng'washi